Mdomo wa Utingo

Mume wangu Jastin akipiga simu kutoka safarini, swali lake la kwanza ni hili: "Mdomo vipi?" Haulizi wangu. Wangu anajua ni mzima, maana ndio unaomjibu, na siku nyingine unamjibu vibaya. Anauliza mdomo wa kinyonga.

Nicheke au nilie? Mimi Recho, binti wa mzee wa kanisa wa Ihanda, niliyekua nikiambiwa kinyonga ukimkuta njiani unazunguka kwa mbali, leo ndiye ninayemfumbua mdomo kila asubuhi kwa kijiti chenye pamba. Ningeambiwa hilo siku ya harusi, ningeomba muda wa kufikiri.

Jastin ni dereva wa lori, anapeleka mizigo Kongo. Mwaka mmoja lori lake lilikatika breki kwenye mteremko likalala ubavu korongoni. Utingo wake, yaani msaidizi wake wa garini, aliruka mapema na hajaonekana hadi leo. Jastin alitokea dirishani, damu usoni, akashika kichaka ili asiserereke, na pale kwenye tawi, karibu kugusana na pua yake, kinyonga amekaa anamtazama kwa jicho moja. Anasema walitazamana hivyo mpaka watu walipofika. Alirudi nyumbani na bandeji kichwani na kinyonga ndani ya ndoo ya rangi. "Huyu ndiye utingo wangu," akasema. "Hakuruka." Na tangu siku hiyo akaingiwa na imani ambayo hakuna mchungaji aliyeweza kumtoa: Utingo akifa, na yeye atafia barabarani.

Majirani walicheka. Mimi sikucheka. Ukilala na mume anayeshtuka usingizini akikanyaga breki kwenye godoro, kicheko hakiji.

Nyumba yetu ipo Sogea, Tunduma, ndani ya ukuta wa bloku wenye vipande vya chupa juu na geti la chuma. Nje ya geti kuna foleni ya malori ya kwenda Nakonde, upande wa Zambia, yanakoroma na kutimua vumbi. Watoto Mungu hajatupa bado, kwa hiyo ndani tupo mimi, mama mkwe wangu Teresia, na Utingo. Mama mkwe ni Mnamwanga wa Momba, mjane, mtu wa maneno machache na ugoro mwingi. Zamani wenzake wa jumuiya walikuja kusali sebuleni kwetu, wakanywa chai, kuondoka ikawa shida. Walipomwona Utingo wakahamia barazani, kisha nje ya geti, kisha wakawa wanamwombea kwa simu. Siku hizi hata hizo simu hazilii. Na kanisani haendi tena kwa sababu kiuno kinamsumbua. Uzee, alituambia.

Sasa, mimi nina mahali ninapotaka kwenda. Baba yangu, Mzee Abrahamu, aligawa shamba lake la kahawa akiwa hai, jambo ambalo wazee wengi kwetu huliogopa, na mimi mtoto wa kike akanipa kipande cha chini, kando ya kijito. Kaka yangu Hezron alikunja uso siku ile na hadi leo hajaukunjua. Baba akasema mbele yetu sote, "Shamba ni la mkono unaolichuma. Recho asipokuja kuchuma, si lake." Msimu uliopita sikwenda, Hezron akachuma. Baba akanitumia salamu kwamba msimu huu ndio wa mwisho wa kunisubiri.

Na Tunduma hadi Ihanda si safari ya kuagana na watu. Unapanda gari asubuhi, chai unakunywa kwenu. Kilichonizuia ni mdomo.

Utingo aliugua mara ya kwanza nilipokuwa msibani Nanyala, kumzika shangazi. Nilirudi nikamkuta pembe ya mdomo imevimba, rangi imekuwa ya majivu, na harufu inatoka kama ya nyama iliyosahaulika kwenye sufuria. Wiki hiyohiyo ekseli ya lori la Jastin ilikatika huko Mpika, Zambia. Unaweza kufikiri mwenyewe alivyoyaunganisha mambo hayo. "Mke wangu, Utingo akiwa mgonjwa usitoke," aliniambia. Hakunifokea. Aliniomba, na ombi la mtu mwenye hofu linafunga kuliko amri.

Nikampeleka kwa Daktari Amoni, daktari wa mifugo, mtu wa ng'ombe na mbwa. Alimtazama, akanitazama mimi, akasema, "Leo nimepata mgeni." Lakini hakunifukuza. Alimpiga picha, akampigia aliyekuwa mwalimu wake chuoni, kisha akaniita tena akanionyesha kitu nisichokijua. Kinyonga ana kijifuko cha tezi kila pembe ya mdomo, pale taya zinapokutana. Mabaki ya chakula na ngozi iliyobambuka vikinasa humo vinaoza, vinakuwa uji mzito unaonuka, uvimbe unaingia kwenye fizi, na ukichelewa unafika hadi mfupa. Akakamua kile kijifuko, akakisafisha, akatoa dawa. Halafu akasema, "Kumponya si kazi, dada. Kazi ni asirudie."

Akaja nyumbani mwenyewe kuona tundu, ambalo Jastin alilitengeneza kwa waya wa kuku. "Anasugua mdomo hapa akitafuta pa kutokea," Daktari akasema, akinionyesha mikwaruzo puani kwa Utingo. "Kidonda kinaanzia hapa." Tukang'oa waya, tukaweka neti laini na matawi mabichi. Panzi wenye miguu ya miiba nikaacha kumpa, au nikawakata miguu kwanza, maana inachoma fizi. Wadudu wake nikawa nawalisha karoti na mchicha kabla hajala yeye, ili na yeye apate vitamini. Majani nayanyunyizia maji asubuhi na jioni, kwa sababu kinyonga hajui bakuli, analamba matone tu, na mdomo ukikauka tezi zinaziba. Asubuhi namtoa juani, mchana namrudisha kivulini. Na kila siku natazama zile pembe za mdomo, nikiona uchafu nasafisha kwa pamba na maji ya chumvi yaliyochemshwa yakapoa. Usipoziba ufa utajenga ukuta, na mimi nyufa zote niliziba.

Bado akarudia. Alipona vizuri kabla ya msimu wa kahawa uliopita, nikafungasha mzigo, asubuhi ya kuondoka nikamkuta taya limevimba. Nikafungua mzigo. Akapona, nikafungasha tena, akaugua tena. Daktari Amoni akabadilisha dawa, akakuna kichwa, akasema hajawahi kuona tezi yenye kalenda. Msimu ukaisha hivyo, mimi nikiwa na pamba mkononi, kaka yangu akiwa na kikapu.

Nilimchukia yule mdudu, nisiseme uongo. Nilikuwa nikimtazama amekaa kwenye tawi lake, jicho moja kwangu, jingine kwenye geti, nasema moyoni: wewe ambaye hufiki hata urefu wa mkono wangu, ndiye umenifunga hapa! Nikitaka kwenda sokoni nakwenda mbio na kurudi mbio. Nikisikia kondakta anaita "Vwawa, Vwawa" barabarani, njia ya kwetu, naongeza mwendo.

Mwaka huu kahawa ilipoanza kuiva mama yangu mzazi akanipigia. "Ya juu imeshakuwa nyekundu," akasema. "Hezron ameshasuka vikapu vipya, na si vya kuchumia kwake." Utingo alikuwa mzima, mwenye kijani cha jani la mgomba. Basi tukiwa tunakula nikamwambia mama mkwe, "Mama, Jumatatu nakwenda kuchuma."

Akaitikia kwa kichwa, akamega tonge. "Sawa, mwanangu. Uwasalimie."

Jumapili nilirudi kutoka kanisani nikamkuta Utingo amefumba macho mchana kweupe, taya limejaa.

Nilikaa chini barazani nikalia kwanza, tena kwa sauti, maana malori yananifunika. Kisha nikachukua kijiti na pamba kama nilivyozoea. Nilipoitoa, ile pamba haikuwa na uji wa njano ninaoujua. Ilikuwa na vumbi la kahawia. Nikaisogeza puani ninuse, kama Daktari alivyonifundisha. Nikapiga chafya. Nikanusa tena, nikapiga nyingine.

Kitu cha kahawia kinachopigisha chafya ndani ya nyumba yetu ni kimoja tu, na mwenyewe alikuwa jikoni. Kikulacho ki nguoni mwako. Watu waliochunga ng'ombe utotoni upande wetu huu wanaijua habari hiyo: kinyonga ukimtisha hufumbua mdomo, na ukimtupia ugoro humo, anapita rangi zote kisha anakufa. Utingo hakufa. Mtu alikuwa anapima, chembe za kuwasha tu, na siku zangu za kuondoka alikuwa anazijua.

Sasa niambieni, mke wa mwana anaanzia wapi kumwambia mama mkwe maneno hayo? Nikimweleza Jastin asiniamini, mimi ndiye niliyemzushia mama yake uchawi, narudishwa kwetu kwa aibu. Akiniamini, hapo ndipo pabaya zaidi, maana kwa imani yake mama yake mzazi amekuwa akimchimbia kaburi barabarani. Nikinyamaza, Hezron anachuma. Nilizunguka ule ua kama kuku aliyefungwa mguu kwenye kigingi, nikifika kwenye geti narudi, nikifika kwenye karo narudi.

Mwisho hasira ikanibeba. Nikalinyanyua tundu zima hadi jikoni, mama mkwe alikokuwa anachambua maharage kwenye ungo, nikaliweka mbele yake. Nikapiga goti kama heshima inavyotaka. Hasira na heshima vinaweza kukaa kwenye goti moja, nimeshajaribu.

"Mama, naomba unisaidie. Mimi nitashika tawi, wewe umsafishe."

"Mimi huyo simgusi."

"Humgusi, mama. Kwa kijiti. Unamtisha kidogo tu, anafumbua mdomo. Mama, si unajua anavyofumbua."

Ungo ukatulia mapajani mwake. Nje dereva mmoja alikuwa anapiga honi bila kuchoka.

"Umejuaje?" akauliza.

"Nimepiga chafya."

Akatoa changarawe kwenye maharage. "Sikutaka afe," akasema.

"Najua, mama. Ungetaka, tungekuwa tumeshamzika." Nikalisogeza tundu karibu yake. "Lakini mimi nimekukosea nini? Maana unayemwadhibu si yeye, ni mimi. Unajua kahawa ile ni nini kwangu?"

"Hujanikosea. Ndiyo sababu sitaki uende."

Ndipo akaniambia. Nilipokuwa kwenye ule msiba wa Nanyala, yeye alianguka bafuni. Alikuwa anakwenda kuoga asubuhi, mguu ukateleza, kiuno kikagoma kuinuka. "Niliita," akasema. "Niliita jina lako, nikijua hupo. Nikaita la Jastin. Na haya malori, nani anisikie? Nililala kwenye ile sementi ya maji mpaka jioni, muuza maziwa alipogonga geti, akaona kimya, akapanda ukuta. Alijikata na zile chupa, maskini. Nikamwapisha asiseme kwa mtu."

"Kwa nini hukutuambia, mama?"

"Nimwambie nani? Mwanangu akipiga simu anauliza mdomo." Alisema hivyo bila uchungu, kama anayetaja bei ya chumvi. "Wewe uliporudi ukamkuta mdudu anaumwa, ukasema basi, sitoki tena. Nikaona, kumbe. Huyu akiumwa, watu wanakaa nyumbani."

Nilitaka kuendelea kukasirika. Nilikuwa na haki hiyo, niliisubiri tangu msimu uliopita, na yule mama akaniondolea hata hiyo. Kabla ya pale nilikuwa nimefungwa na kinyonga, na kinyonga kuna siku atapona. Sasa nilikuwa nimefungwa na kiuno cha mzazi. Nitaondokaje Jumatatu, nipande gari, nichume kahawa, nikijua anaweza kuwa amelala kwenye sementi ananiita? Niliona kipande changu kinaondoka, mti kwa mti, kinaingia kwenye vikapu vya Hezron, na safari hii hapakuwa na wa kumlaumu.

Nikashika tawi. Mama mkwe akachukua kijiti, akamsogelea Utingo polepole, Utingo akafumbua mdomo kwa hofu, na yule mama akamwosha ugoro wote kwa maji ya chumvi, pembe hii na pembe ile, hadi pamba ikatoka nyeupe. Mkono wake ulikuwa mwepesi kuliko wangu. Alikuwa akimwambia kwa Kinamwanga maneno ambayo sikuyaelewa, lakini sauti ilikuwa ya kuomba radhi.

Jioni nikiwa nasonga ugali simu ikalia. Jastin alikuwa kwenye foleni Kasumbalesa, mpakani mwa Kongo. Nikabonyeza spika kwa kiwiko kwa sababu mikono ilikuwa na unga.

"Mdomo vipi?"

Kabla sijasema, mama mkwe akanyoosha mkono. "Lete hiyo simu." Akaishika mbele ya uso wake kwa mikono yote miwili. "Jastin. Ni mama. Mdomo wa mdudu wako umevimba tena. Mimi ndiye ninayeuvimbisha. Namtia ugoro."

Tukasikia injini za huko, na watu wanaogombana kwa Kibemba.

"Mama, unasema nini?"

"Namtia ugoro ili mkeo asiende kwao akaniacha peke yangu. Nilianguka bafuni, mwanangu. Nililala chini kutwa nzima. Mpaka sasa kiuno hakijakaa sawa."

Nilimwona amenyoosha shingo kuelekea ile simu, midomo imeachana kidogo. Moyo wangu ulikuwa unamwambia mume wangu: sema, Jastin, sema haraka.

"Lakini yuko hai?" Jastin akauliza. "Mama, Utingo yuko hai?"

Mama mkwe aliitazama simu. "Yuko hai," akajibu kwa upole, akakata.

Jastin si mtu mbaya. Najua pale alikuwa amerudi kwenye lile korongo, ameshika kichaka. Na alipiga tena dakika ileile, akapiga na kupiga, mwisho mama akapokea akamsikia analia, anaomba msamaha, anauliza kiuno, anauliza kama ameenda hospitali, anauliza yote. Lakini neno la kwanza lilikuwa limeshatoka, na sote wawili tulikuwa tumelisikia.

Tukala ugali. Mama mkwe alipomaliza akanawa, akasema, "Kesho nenda kachume kahawa yako."

"Siwezi kukuacha, mama."

"Utaniacha. Nilikuwa nakuzuia nisije nikafa bila mtu kujua. Kumbe hata wakijua ni hivihivi."

"Basi twende wote."

Hapo aliruka kama nimemwagia maji. "Kwa wakwe zangu? Mama wa mume nikalale kwa wazazi wa mke? Nioge maji ya baba yako, anisikie nikikoroma ukutani, asubuhi nimtazame usoni nimwamkie? Recho, bora bafuni."

Na hakuwa anatania. Ningemvuta kwa kamba asingepita mlango wa Mzee Abrahamu na mkoba wa kulala. Mimi mwenyewe ningeona aibu kwa niaba yake. Nikakusanya sahani, nikazipeleka kwenye karo, nikasimama pale nikiwa na sahani mkononi, na maji yanamwagika bure. Nikarudi nikapiga goti tena mbele yake.

"Mama, kule chini shambani, kando ya kijito, kuna kibanda cha wachumaji. Kina mlango na mafiga, na bafu lake ni la mabua, ukiita mara moja nitakusikia nikiwa kwenye kahawa. Utingo tutamtia kwenye kapu, huko majani ni mengi na waya hakuna. Baba aligawa mbele ya watu wote. Nikianza kuchuma kesho, lile shamba ni langu na kile kibanda ni changu." Nikashika mikono yake, ilikuwa bado na harufu ya ugoro. "Hutalala kwa wakwe, mama. Utalala kwangu."

Huyu mama alilala kwa baba yake, akaja kulala kwa mumewe, akaja kulala kwa mwanawe, na katika umri wake wote hakuna mwanamke aliyewahi kumwambia neno hilo, kwa sababu hakuwahi kumjua mwanamke mwenye kwake.

"Huko kuna baridi?" akauliza.

"Ipo, mama. Kubwa."

Akashika ukuta, akainuka, akaenda chumbani kutafuta sweta.